Treni, matatu na BRT za Nairobi: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi ni abiria wa treni ya Ruiru. Hupanda na kushuka Githurai. Nikitaja hilo kazini au kwenye chama, maswali hayaishi: inapita wapi, mbona ni chache, kwa nini SGR (ile reli mpya ya Mombasa) haifiki tao, ile BRT (mabasi yenye njia yao peke yao) iliishia wapi. Nimechoka kujibu kwa simu mtu mmoja mmoja, kwa hiyo majibu nimeyakusanya hapa. Yaliyo marefu ni ya maswali yanayoulizwa kwa hasira.

Treni za abiria wa Nairobi zinaenda wapi hasa?

Zote zinaanzia stesheni kuu, ng'ambo ya barabara ya Haile Selassie. Moja inakwenda Ruiru kupitia Makadara, Mutindwa, Dandora, Mwiki, Githurai na Kahawa. Nyingine inakwenda Embakasi kupitia Makadara na Donholm. Ya tatu ni ya Syokimau, inayopita Makadara na Imara Daima, na safari nyingine huendelea hadi Athi River na Lukenya. Ya nne inapanda magharibi: Kibera, Dagoretti, Kikuyu, kisha Limuru.

Hebu tazama jina linalojirudia. Njia tatu kati ya nne zinapita Makadara. Likumbuke, tutalirudia.

Reli yenyewe ni ile ya zamani, ya upana wa mita moja, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896, ikafika hapa 1899 na kufika Kisumu 1901. Nairobi ilianza kama kambi ya reli penye maji baridi ya Wamaasai. Mji ukaja baadaye. Kwa hiyo mtu akiniambia treni haifai Nairobi kwa sababu mji huu haukupangiwa treni, huwa nacheka.

Zinafanya kazi saa ngapi?

Asubuhi kuja mjini, jioni kurudi mitaani, siku za kazi. Jumapili usizitegemee. Ratiba hubandikwa stesheni na hubadilika, kwa hiyo iliyopigwa picha na jirani yako mwaka jana usiiamini. Mtu wa kumuuliza ni yule anayeuza njugu getini: anazijua treni kuliko ratiba inavyozijua.

Kwa nini nihangaike na treni wakati matatu inapita mlangoni?

Kama matatu inapita mlangoni na unafika kazini kwa wakati, panda matatu. Sina ubishi.

Ila sisi wa Thika Road tunajua hadithi ya asubuhi. Unatoka Githurai vizuri, Roysambu dereva anaanza kukanyaga breki, ukifika Muthaiga unazima simu ili usione saa, halafu kuna Pangani. Treni haijui Pangani. Ina ucheleweshaji wake, lakini ule wa jana na ule wa leo hufanana, na mtu anaweza kuupangia maisha.

Sababu ya pili ni nauli. Ya treni haipandi kwa sababu mawingu yametanda. Jioni moja ya mvua za Aprili, matatu niliyoizoea iliniambia 150 kwa safari ya 70, na konda akaniuliza kama ningependa kutembea. Nilitembea hadi Ngara kwa hasira, nikalowa, nikapanda nyingine kwa 150 hiyo hiyo.

Ubaya wa treni ni kubanana. Ukipandia Ruiru unapata kiti. Ukipandia Mwiki unapata mkono wa kushikilia, na siku nyingine mkono wenyewe ni wa mtu mwingine. Mama mwenye mtoto mgongoni aende mapema, asimame mbali na mlango.

Mbona treni ni chache hivi? Si waongeze tu?

Hili ndilo swali kubwa, na jibu lake haliko kwenye mabehewa peke yake.

Sehemu kubwa ya reli hizi ni njia moja. Treni inayokuja na inayokwenda haziwezi kupishana popote zinapotaka. Zinapishana stesheni yenye njia ya pembeni, na moja lazima isubiri. Ukiwa umekaa Dandora dakika kumi bila kuelezwa chochote, mara nyingi ndicho kinachoendelea: kuna mwenzenu anakuja. Sasa rudi Makadara. Njia tatu zinamiminika pale kuingia mjini, kama maji ya mitaro mitatu kwenye bomba moja. Hata ukileta treni 20 mpya kesho, bomba ni lile lile.

Kisha kuna vivuko. Kila mahali barabara inapokata reli bila daraja, treni hupunguza mwendo na kupiga honi, kwa sababu boda boda hawangoji. Na penye soko juu ya reli, mwendo ni wa mtu anayetembea.

Mwisho kuna hesabu ambayo watu hawapendi kuisikia. Chukua mfano wa treni inayotumia saa moja na kidogo kutoka Ruiru hadi mjini. Saa za watu wengi asubuhi ni kama tatu tu. Treni hiyo ikishusha abiria mjini saa moja na nusu, ikarudi Ruiru karibu tupu, itafika saa tatu kasoro, wakati wafanyakazi wameshaondoka. Kwa hiyo inaleta watu safari moja yenye faida, inalala mchana kutwa, jioni inawarudisha. Dereva, mafundi, walinzi na mafuta vinalipiwa siku nzima. Ndiyo maana miji mingi duniani haiendeshi treni za abiria kwa nauli pekee; serikali hutia mkono mfukoni, kwa hoja kwamba kila aliyeko kwenye treni amepunguza gari barabarani.

Hapa kwetu mkono huo umekuwa ukienda kwingine. Novemba 2012, ndani ya mwezi mmoja, Rais Mwai Kibaki alifungua Thika Superhighway na stesheni mpya ya Syokimau. Barabara ilikuwa ya kilomita kama 50 na iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 30. Stesheni ilikuwa nzuri, ina maegesho ya kuacha gari, ina tiketi za kisasa, na watu wa Syokimau waliipenda. Lakini barabara ile pana ilijengwa bila njia ya basi, na reli ya Ruiru, inayohudumia ukanda ule ule, ikabaki njia moja ya tangu enzi za mkoloni. Mpaka leo nikipita pale nahesabu njia za magari na kujiuliza ingekuwaje mbili zingekuwa za basi tangu siku ya kwanza.

Hizi treni za Hispania ni vyuma chakavu tulivyouziwa?

Mitumba, ndiyo. Kenya ilinunua seti 11 zilizokuwa zikitumika kisiwa cha Mallorca, zikaanza kufika 2020, na Rais Uhuru Kenyatta akazindua huduma hiyo Novemba mwaka huo huo. Mallorca ilichaguliwa kwa sababu ya kawaida kabisa: reli yao ni ya mita moja kama yetu, na walipoweka nyaya za umeme kwenye njia zao, treni za dizeli zikakosa kazi. Treni ya kipimo hicho huikuti kwenye kila duka.

Uzuri wake ni kwamba hazivutwi na kichwa cha treni. Injini ziko chini ya mabehewa yenyewe, na dereva ana chumba kila upande. Ikifika mwisho wa njia, dereva hutembea hadi upande wa pili na kuondoka, hakuna kuhangaika kuzungusha kichwa. Kwenye reli ya njia moja, dakika hizo zina thamani. Sisi tunaovalia Gikomba hatuna sababu ya kudharau mtumba uliochaguliwa vizuri. Kasoro ni kwamba 11 ni chache, na mzigo mkubwa bado unabebwa na mabehewa ya zamani.

Kwa nini SGR haifiki mjini?

Kwa sababu reli hizo mbili haziingiliani. Ya zamani ina upana wa milimita 1,000, SGR ina 1,435. Treni ya moja haiwezi kukanyaga nyingine. SGR ilipozinduliwa Mei 31, 2017, kituo chake kikuu kikawekwa Syokimau, pembeni mwa jiji, penye nafasi. Kupenyeza reli mpya hadi katikati ya mji kungemaanisha kubomoa mengi. Ndiyo maana ukishuka kutoka Mombasa unahamia treni ndogo ya reli ya zamani ikulete stesheni kuu, au unaangukia mikononi mwa madereva wa teksi.

Na sehemu ya SGR inayoendelea hadi Suswa, iliyofunguliwa Oktoba 2019, ina stesheni za Ongata Rongai na Ngong, ambako kuna maelfu ya watu wanaoteseka kila asubuhi kwenye Magadi Road na Ngong Road. Ukisikia hivyo unadhani tatizo limekwisha. Lakini hiyo reli ilipitishwa kwa ajili ya mizigo na safari za mbali: inakata mbuga ya wanyama juu ya daraja, inakwenda Syokimau kwanza, na stesheni ya Rongai iko mbali na mji wa Rongai kiasi kwamba boda boda ya kufika pale inakula faida yote. Mtu wa Rongai akitaka kwenda mjini kwa reli hiyo atazunguka kama anayeshika sikio kwa kupitisha mkono kisogoni.

BRT iliishia wapi? Si walichora mstari mwekundu?

Walichora. Rangi ilitangulia basi.

Mpango una njia tano, na zimepewa majina ya wanyama wakubwa: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Simba ndiyo ya Thika Road, ikivuka mji kwenda upande wa Bomas. Ujenzi wa vituo vyenye paa katikati ya barabara ulianza, watu wakaanza kuvigeuza mahali pa kujikinga mvua, na hadi naandika haya sijaona basi lolote la mradi huo likibeba abiria.

Msiwe na haraka ya kusema BRT haiwezekani Afrika Mashariki. Dar es Salaam ilianza Mei 2016 kwa njia ya kilomita kama 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Wanalalamikia foleni za vituoni na uchache wa mabasi, na wana haki. Lakini waliheshimu jambo moja: basi lina njia yake, imetengwa kwa ukingo, na gari la mkubwa haliruhusiwi kuingia kirahisi. Mstari wa rangi peke yake, Nairobi, ni pambo. Kila dereva wa hapa anajua hivyo, na wa kwanza kuukanyaga si makanga.

Nani hasa anasimamia haya yote?

Kuna NaMATA, mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji na viunga vyake, iliyoundwa Februari 2017. Inahusu kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Ukijumlisha sensa ya 2019, hizo kaunti zina watu milioni 10.4 hivi, na Nairobi yenyewe ni milioni 4.4 tu kati yao. Wazo ni zuri kabisa, kwa sababu mtu wa Ruiru analala Kiambu, anafanya kazi Nairobi, na reli inayompeleka si ya gavana yeyote.

Shida ni mgawanyo wa mikono. Reli ni ya Kenya Railways. Leseni za matatu ni za NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani. Steji za mjini ni za kaunti, na ndio wenye kanjo, wale askari wa jiji. Barabara kuu ni za mamlaka za kitaifa. NaMATA inaratibu. Ukishawahi kuratibu harusi ya familia mbili zisizopatana, unajua kazi hiyo ilivyo.

Treni na BRT zikifaulu, matatu zitakufa?

Hapana, na sitaki zife. Ngoja nieleze kwa nini, maana hapa ndipo mabishano huwa makali.

Matatu ilizaliwa pale mabasi yaliposhindwa. Kampuni ya mabasi, KBS, ilikuwapo Nairobi tangu 1934, lakini mitaa ya watu wa chini haikuhudumiwa ipasavyo, wenye vigari wakaanza kubeba watu kwa sarafu tatu za senti kumi, na jina likabaki. 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliziruhusu rasmi zibebe abiria bila leseni ile ya mabasi. 2004 kanuni za Waziri John Michuki zikaleta mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano. Baadaye wenye magari wakalazimishwa kuingia kwenye sacco, yaani vyama vya ushirika. Katika miaka hiyo yote, matatu ndizo zimekuwa zikiugundua mji kabla ya wapangaji. Githurai ina sehemu mbili zinazoitwa 44 na 45 kwa sababu ya nambari za magari. Mtaa umepewa jina na basi. Mwaka 2014 wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Marekani walipochora ramani ya njia za matatu kwa kutumia simu, walipata njia zaidi ya 130 ambazo hakuna ofisi iliyokuwa imezichora.

Kinachoziharibu ni hesabu. Dereva na konda wanampelekea mwenye gari kiasi fulani kila siku, kinachobaki ndicho chao. Kwa hiyo gari haliondoki mpaka lijae, na likiondoka linakimbia, na mchana wanakata njia nusu wakikuambia "mwisho ni hapa". Wape watu hao mshahara na ratiba, utashangaa jinsi watakavyopoa.

Sasa fikiria matatu ya viti 14 inayozunguka kutoka stesheni ya Mwiki kwenda ndani mtaani na kurudi, mara 30 kwa siku, bila kuiona Pangani. Dereva anapata safari nyingi fupi, gari halichakai kwenye foleni, na abiria wa treni hatembei gizani. Hakuna reli mpya inayohitajika kwa hilo. Inahitajika steji mbele ya stesheni. Nenda Dandora, nenda Kahawa, utakachokuta ni tope, boda boda na ukuta. Maneno steji na stesheni yanasikika kama ndugu, lakini kwetu hayasalimiani.

Kwa nini watu wanauza nyanya juu ya reli?

Kwa sababu reli ndiyo njia ya miguu iliyonyooka zaidi mtaani, na penye miguu pana wateja. Githurai, Mutindwa, Kibera, utaratibu ni mmoja: honi inalia, turubai zinakunjwa, treni inapita, nyanya zinarudi. Wengi wa Nairobi huenda kazini kwa miguu, zaidi ya mmoja kati ya kila watatu, na tuta la reli linawafaa kuliko kando ya barabara isiyo na njia ya watembea kwa miguu.

Kuwafukuza kwa tingatinga kumejaribiwa, wakarudi. Kilichofaulu kwa kiasi ni kule Kibera na Mukuru, ambako waliokuwa wakiishi karibu mno na reli walijengewa nyumba na vibanda pembeni. Na usisahau Januari 2008: vijana wa Kibera waliing'oa reli kwa mikono wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Reli inayopita mlangoni kwa mtu bila kusimama kumchukua, hana sababu ya kuilinda.

Expressway haijasaidia?

Imewasaidia wanaoimudu. Ni barabara ya kulipia ya kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumika Mei 2022. Gari dogo kwa safari nzima lililipa 360, na tangu Januari 2024 ni 500. Kwa kwenda na kurudi ni 1,000. Treni ya Syokimau inapita ukanda huo huo.

Railway City ni nini?

Ni mpango wa kujenga upya ekari 425 kuzunguka stesheni kuu: stesheni mpya, ofisi, nyumba, maduka. Rais William Ruto aliweka jiwe la msingi Desemba 2022, Uingereza ikiwa mshirika. Mimi naangalia kitu kimoja tu kwenye michoro yake, idadi ya njia za reli zinazoingia. Maghorofa hayatampunguzia mtu wa Mwiki hata dakika moja ya kusubiri.

Nimeona tangazo la ploti "dakika tano kutoka stesheni". Ninunue?

Shemeji yangu aliniuliza hili akiwa tayari ametoa arbuni. Nenda mwenyewe, kwa miguu, saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi, siku ambayo imenyesha. Hesabu dakika. Angalia kama kuna taa njiani. Subiri treni uone kama inasimama pale au inapita tu, kwa maana stesheni nyingine zina kibao na hazina huduma. Jioni rudi na treni ya mwisho, kisha tembea tena. Dakika tano za tangazo hupimwa kwa gari la mwenye ploti, Jumapili.

Na uulize mpaka wa ardhi ya reli. Kuna watu wana hati na bado wamewekewa alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani. Shemeji alitembea dakika 34. Arbuni hakurudishiwa.

Nikikosa treni ya jioni nifanye nini?

Usikimbie kwenye reli kuifuata. Inapoanza kuondoka taratibu hivyo inadanganya. Toka getini. Za Rongai na Ngong ziko hapo hapo steji ya Railways. Za Eastlands, vuka uende Muthurwa, shika mfuko wako mbele. Sisi wa Githurai tunapanda juu mjini kwa miguu, na kama mawingu yametanda, uliza nauli kabla ya kukanyaga ngazi.